Kitabu Kilichoushinda Moto

Hapo kale vitabu vya Ulaya viliandikwa kwa mkono, navyo vilikuwa adimu. Yapata mwaka 1455 Johannes Gutenberg wa Mainz alipiga chapa Biblia kwa herufi za madini, na mambo yakageuka.

Mwaka 1526 Mwingereza William Tyndale alipiga chapa Agano Jipya kwa Kiingereza mjini Worms, Ujerumani. Vitabu hivyo vikaingizwa Uingereza kwa siri, vimefichwa katika marobota ya nguo. Askofu wa London akaamuru vichomwe. Mitambo ikatoa vingine.

Mwaka 1536 Tyndale alinyongwa, na maiti yake ikachomwa. Lakini mwaka 1539 Biblia ya Kiingereza, yenye sehemu kubwa ya tafsiri yake, ilitolewa kwa idhini ya Mfalme Henry VIII ili isomwe makanisani. Moto ulimla mtu. Maneno yaliyokwisha kupigwa chapa haukuyaweza.