Akili mnemba yawasaidia madaktari kutambua mabadiliko ya tumbo yanayotangulia saratani

Saratani ya tumbo aghalabu haizuki ghafla. Hutanguliwa na mabadiliko ya miaka mingi: utando wa ndani wa tumbo huvimba, kisha hunyauka, halafu baadhi ya seli zake hugeuka na kufanana na za utumbo. Chanzo kikuu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, yule yule asababishaye vidonda vya tumbo, ingawa wengi walio naye hawapati saratani kamwe.

Nchini Japani, ambako maradhi haya yameenea kuliko katika nchi nyingi, daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera hadi tumboni. Ugumu uko katika kutambua kinachoonekana. Saratani changa huweza kuwa doa jekundu tu, au sehemu iliyobonyea kidogo, katikati ya utando ambao tayari umevimba na kunyauka.

Mwaka 2018 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa picha zaidi ya 13,500 za saratani ya tumbo. Ilipopewa picha nyingine 2,296, ilizipitia kwa sekunde 47 na kubaini saratani 71 kati ya 77. Kasi hiyo inastaajabisha, lakini takwimu nyingine ina uzito zaidi: programu hiyo iliashiria saratani mahali 161 ambapo haikuwapo. Karibu nusu ya makosa hayo yalitokana na uvimbe wa kawaida wa utando. Kwa mgonjwa, ishara ya uongo huweza kumaanisha kukatwa kinyama kwa ajili ya maabara, pamoja na siku za kusubiri majibu kwa hofu.

Tangu hapo, watafiti wa Japani na wa nchi jirani ya China wamefunza programu nyingine kutambua hatua za awali zaidi, yaani kunyauka kwa utando na kugeuka kwa seli. Hata hivyo, programu husoma kile tu ambacho kamera imekipitia. Pembe ya tumbo iliyorukwa na daktari haimo katika hesabu yake. Uamuzi hubaki kwa daktari.

Anayekutwa na bakteria huyo hupewa viuavijasumu pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Tangu 2013 bima ya afya ya Japani hugharimia tiba hiyo hata kwa wenye uvimbe sugu wa tumbo wasio na vidonda. Ambao utando wao umekwisha kunyauka huendelea kuchunguzwa kwa kamera hata baada ya bakteria kutoweka.