Ufadhili wa manufaa ya umma ya utafiti wa insia nchini Uingereza

Ufadhili wa manufaa ya umma ya utafiti wa insia nchini Uingereza ni fedha zinazotolewa na serikali, mabaraza ya utafiti na vyuo vikuu vya nchi hiyo ili matokeo ya utafiti wa historia, lugha, fasihi, falsafa, dini, akiolojia na sanaa yawafikie na kuwafaa watu walio nje ya vyuo. Fedha hizo hulipia kazi kama maonyesho ya makumbusho, hifadhidata za bure, vifaa vya kufundishia shuleni, filamu, matamasha, na ushirikiano na jamii ambazo utafiti unazihusu.

Nchini Uingereza manufaa hayo hupimwa na kupewa alama, na alama hizo ndizo zinazoamua sehemu ya fedha ambazo chuo kitapata. Kwa sababu hiyo mfumo huu umebadilisha namna wanataaluma wa insia wanavyopanga kazi zao. Umezua pia mjadala mrefu kuhusu kipimo kinachofaa kwa masomo ya aina hii.

Historia

Kwa muda mrefu masomo ya insia hayakuwa na baraza lake la utafiti, tofauti na sayansi. Ripoti ya kamati ya Ron Dearing kuhusu elimu ya juu, iliyotolewa mwaka 1997, ilipendekeza baraza hilo liundwe. Mwaka 1998 ilianzishwa Bodi ya Utafiti wa Sanaa na Insia, na mwaka 2005 bodi hiyo ikawa Baraza la Utafiti wa Sanaa na Insia, linalojulikana kwa kifupisho AHRC. Tangu mwaka 2018 AHRC ni moja kati ya asasi tisa zilizo chini ya UKRI, taasisi ya taifa ya utafiti na uvumbuzi.

Tathmini ya utafiti wa vyuo vikuu ilianza mwaka 1986, lakini iliangalia hasa ubora wa machapisho. Badiliko kubwa lilikuja katika tathmini ya mwaka 2014, iitwayo REF. Kwa mara ya kwanza manufaa nje ya vyuo yalipewa asilimia 20 ya alama zote. Machapisho yalipewa asilimia 65 na mazingira ya utafiti asilimia 15. Katika REF ya mwaka 2021 sehemu ya manufaa ilipandishwa hadi asilimia 25.

Jinsi manufaa yanavyopimwa

Kwa mujibu wa REF, manufaa ni mabadiliko au faida ambayo utafiti umeleta katika uchumi, jamii, utamaduni, sera na huduma za umma, afya, mazingira au ubora wa maisha, nje ya ulimwengu wa wanataaluma. Chuo huwasilisha maelezo ya mifano halisi. Katika REF ya 2014 ilipokelewa mifano 6,975 kutoka masomo yote, na katika ile ya 2021 mifano 6,781.

Kila mfano wa mwaka 2021 haukuruhusiwa kuzidi kurasa tano. Utafiti wenyewe ulitakiwa uwe umefanyika kuanzia mwaka 2000, na manufaa yawe yametokea kati ya Agosti 2013 na Desemba 2020. Majopo ya wataalamu, pamoja na wajumbe kutoka nje ya vyuo, huangalia mambo mawili: upana, yaani manufaa yamewafikia watu gani, na uzito, yaani yamebadilisha nini kwao. Mtafiti kuzungumza redioni peke yake hakutoshi. Ni lazima kuonyesha kilichobadilika baada ya hapo. Ushahidi huwa ni barua za makumbusho au shule, nyaraka za sera, maoni ya watazamaji na kadhalika.

Mifano hupewa nyota moja hadi nne. Katika ugawaji wa fedha nchini England, kazi za nyota tatu na nne tu ndizo huhesabiwa, na ile ya nyota nne huwa na uzito mara nne ya ile ya nyota tatu. Hivyo kurasa chache zilizoandikwa vizuri huweza kukiletea chuo fedha kwa miaka kadhaa.

Njia za ufadhili

* Fedha za jumla zinazofuata matokeo ya REF. Chuo huamua chenyewe namna ya kuzitumia.
* Ruzuku za kuendeleza kazi, zinazotolewa na AHRC kwa watafiti ambao, baada ya mradi wa awali, wameona nafasi ya kuwafaa watu ambayo haikutarajiwa mwanzoni.
* Akaunti za kuharakisha manufaa. Kuanzia mwaka 2022 AHRC huvipa baadhi ya vyuo fungu la pamoja, navyo huligawa kwa watafiti wao.
* Tamasha la Being Human, lililoanza mwaka 2014. Huongozwa na School of Advanced Study ya Chuo Kikuu cha London, kwa kushirikiana na AHRC na British Academy, na hutoa ruzuku ndogo kwa shughuli za wazi kwa umma.

Mifano

Mfano unaojulikana sana ni mradi wa Chuo Kikuu cha University College London kuhusu wamiliki wa watumwa, ulioongozwa na mwanahistoria Catherine Hall. Sheria ya mwaka 1833 ilipokomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza, serikali ilitenga paundi milioni 20 kuwafidia wamiliki. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Watafiti walichambua madai yapatayo 46,000 ya fidia hiyo, kutoka visiwa vya Karibi, Rasi ya Tumaini Jema na Morisi. Wengi wa watumwa wa Morisi walikuwa wametolewa Madagaska, Msumbiji na pwani ya Afrika Mashariki.

Hifadhidata ya mradi ilifunguliwa kwa umma mwaka 2013, na mtu yeyote anaweza kutafuta jina humo bila malipo. Mwaka 2015 BBC ilitangaza vipindi vya mwanahistoria David Olusoga vilivyotokana na kazi hiyo. Mwezi Juni 2020 soko la bima la Lloyd's of London na kampuni ya pombe ya Greene King ziliomba radhi kwa uhusiano wa waasisi wao na utumwa.

Mfano mwingine unahusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 2017 AHRC ilifadhili mtandao wa Rising from the Depths, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Nottingham, kuhusu urithi wa bahari wa Kenya, Tanzania, Msumbiji na Madagaska. Miongoni mwa miradi yake ulikuwa Bahari Yetu, Urithi Wetu wa Bagamoyo, ambapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uingereza walifanya kazi na mafundi wa vyombo vya baharini na wavuvi. Kwa watu hao ngalawa ni chombo cha riziki kabla ya kuwa urithi, na mradi ulilazimika kuanzia hapo.

Ukosoaji

Mwaka 2009, kabla REF haijaanza, msomi wa fasihi Stefan Collini aliandika kuwa kipimo hiki kinaweza kuwafanya watafiti wa insia wafuate kinachohesabika badala ya kilicho muhimu. Wakosoaji husema pia kuwa kitabu cha historia au falsafa huweza kubadilisha mawazo ya watu polepole, bila kuacha barua ya ushahidi. Watetezi hujibu kuwa umma unaolipa kodi una haki ya kujua unachopata, na kwamba mfumo umezipa insia nafasi ya kuonyesha thamani yake. Ripoti ya Nicholas Stern ya mwaka 2016 ilipendekeza maana ya manufaa ipanuliwe zaidi, ikiwemo manufaa katika ufundishaji.

Suala jingine ni uthabiti wa fedha. Mtandao wa Rising from the Depths ulitegemea mfuko wa misaada ya maendeleo ya Uingereza. Serikali ilipopunguza misaada hiyo kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa, UKRI ilitangaza mwezi Machi 2021 pengo la paundi milioni 120 kati ya ahadi zake na fedha ilizopewa. Miradi mingi ya kimataifa ilipunguziwa fedha au kusitishwa. Walioathirika ni pamoja na washirika wa nchi nyingine, ambao hawakushiriki katika uamuzi huo.

Tazama pia

* Insia
* Elimu ya juu nchini Uingereza
* Bagamoyo
* Ngalawa