Eti mtoto mchanga hasikii maumivu? (Sehemu ya 4)

Mama, mmoja wenu kaniuliza inboksi: kichanga akipasuliwa moyo, anaumia? Anaumia sana. Ila madaktari wenyewe walichelewa kulikubali hilo.

Mwaka 1985 kule Marekani, Jill Lawson alijifungua njiti wa wiki 26, Jeffrey. Karibu na moyo wake kulikuwa na kimshipa ambacho kwa kawaida hujifunga chenyewe baada ya kuzaliwa, chake hakikujifunga. Wakampasua kifua wakifunge. Alipewa dawa ya kulegeza misuli tu, yaani hawezi kulia wala kujitikisa, lakini yuko macho. Nusu kaputi hakupewa. Wengi waliamini neva za njiti hazijakomaa, na waliogopa dawa kali zisimkate pumzi. Hofu hiyo ya pumzi ilikuwa na msingi, tusiwaonee. Lakini kumpasua mtoto hivyohivyo!

Jeffrey alifariki wiki chache baadaye. Mama yake akajua baada ya kuuliza mwenyewe, na hakunyamaza. Mwaka 1986 habari ikatoka gazeti la Washington Post. Mwaka 1987 Dkt. Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, wakatoa utafiti wa operesheni hiyohiyo: njiti waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, walipata matatizo machache kuliko wasiopewa. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa watoto Marekani kikasema njiti naye apewe dawa.

Kwetu upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili 2008, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikaanzishwa 2015. Mwanao akipewa rufaa kutoka Inyonga leo, anakuta ubishi ule ulishaisha.

Kazi iliyobaki ni kuyatambua maumivu. Kichanga tunamsoma usoni: paji limekunjamana, ngumi zimekaza, ziwa hataki. Dawa yake hupimwa kwa kilo, kwa hiyo usimwongezee ya kwako. Wa miaka minne tunamwonyesha picha za nyuso, achague inayofanana naye. Mkubwa anataja namba, sifuri hadi kumi.

Mgumu ni bibi. Atakuambia "sijambo mwanangu" huku anaogopa hata kukohoa, na asipokohoa makohozi yanabaki kifuani, nimonia inaingia. Mwambie nesi mapema, dawa ifanye kazi kwanza, halafu mpe mto aukumbatie kifuani ndipo akohoe.