Winter Hill: watu elfu kumi na geti moja

Tulipotaja kwenye kipindi kwamba watu 10,000 waliwahi kutoka majumbani mwao Jumapili moja ili tu wapite njia ya kilimani, baadhi yenu mliandika kuuliza kama hatukuongeza sifuri. Hatukuongeza. Ilikuwa tarehe 6 Septemba 1896, Bolton, kaskazini mwa Uingereza. Kilima chenyewe ni Winter Hill, na mtu yeyote aliyekulia pande za Manchester anakijua hata kama hajawahi kukikanyaga: ni kile chenye mnara wa televisheni wa zaidi ya mita 300, unaowaka taa nyekundu usiku kucha. Baba alikuwa akikiita "mlima wa tivii", na nyumbani kwetu jina likabaki hivyo.

Kwa urefu si kitu. Mita 456 tu, na mtu aliyetoka Lushoto atauliza mlima wenyewe uko wapi. Lakini kimesimama pembeni kabisa mwa miji ya viwanda, kwa hiyo kinaonekana kutoka mbali, na ukiwa juu siku isiyo na ukungu (siku hizo zinahesabika) unaiona Bolton yote chini yako, na Manchester nyuma yake, na upande wa pili bahari.

Huko juu ni nyika. Siyo nyika ya jua na miiba tunayoijua kwenye hadithi za kwetu. Hii ni nyika ya baridi. Majani marefu ya rangi ya simba, vichaka vifupi vinavyotoa maua ya zambarau mwezi wa 8, upepo usionyamaza, na chini ya miguu matope meusi yanayomeza kiatu. Kuna mmea mmoja wenye vishungi vyeupe, ambao Waingereza wanauita majani ya pamba. Jina hilo hunichekesha kidogo, maana kilima kinautazama mji uliotajirika kwa pamba ya kweli. Ni hapo Bolton ambapo Samuel Crompton alitengeneza mashine yake ya kusokota nyuzi mwaka 1779, na baada yake mabomba ya moshi ya viwanda yakaota kila mtaa.

Wageni wengi wakifika huko hupiga picha na kuandika "asili tupu". Sasa hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu kila kitu kwenye historia ya kilima hiki kinategemea hilo neno "tupu". Hapakuwa patupu. Vilima hivi vilikuwa na miti. Watu wa kale waliikata na kuichoma, wakalisha mifugo, mvua ikaendelea kunyesha kama inavyonyesha hadi leo, na mimea ikawa inakufa bila kuoza sawasawa kwa sababu ya maji. Karne kwa karne mabaki hayo yakajipanga kuwa mboji, udongo mweusi unaofyonza maji kama sponji. Noon Hill, ubavuni mwa Winter Hill, kuna kaburi la Enzi ya Shaba lenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Yaani kuna watu walipendelea kuwalaza wapendwa wao hapo.

Ukija karibu na wakati wetu ndiyo kabisa. Katika karne ya 18 na ya 19 kilima kilichimbwa makaa ya mawe na udongo wa kuchomea vigae na mabomba. Kulikuwa na safu ya nyumba, Five Houses, ambako wafanyakazi waliishi na bia iliuzwa. Njia kuu ya kupandia kutoka Bolton inaitwa mpaka leo Coal Pit Road, barabara ya shimo la makaa. Jina lenyewe ni shahidi. Na kuna nguzo ya chuma karibu na kituo cha mnara, wanayoiita Scotsman's Stump. Inamkumbuka George Henderson, mmachinga wa Kiskochi aliyepigwa risasi hapo tarehe 9 Novemba 1838 akiwa kwenye safari zake za biashara. Kijana mchimba makaa aitwaye James Whittle alishtakiwa, akaachiwa. Watu huisimulia kama hadithi ya kutisha. Mimi naisoma kwa jicho jingine: mmachinga hapiti mahali pasipopita watu.

Basi, mwishoni mwa karne ya 19 sehemu kubwa ya upande wa Bolton ilikuwa mali ya Kanali Richard Henry Ainsworth wa Smithills Hall. Ukoo wake ulipata utajiri kwa kupausha vitambaa, kazi inayohitaji maji mengi safi, na vilima vina maji. Walinunua Smithills mwaka 1801. Kanali mwenyewe alipenda kuwinda. Katika nyika hizi kuna ndege mfano wa kwale, na burudani ya matajiri ilikuwa kuwapiga risasi kwa makumi. Ndege hao hawataki makelele ya watu, kwa hiyo mwaka 1896 Kanali akafunga Coal Pit Road kwa geti, akaweka walinzi na mabango ya kukataza watu kupita.

Fikiria hao watu ni akina nani. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba, siku sita kwa wiki ndani ya vumbi na kelele za mashine, wake kwa waume, wengine watoto. Siku ya saba wanapanda kilimani kupumua. Hakuna gari, hakuna ufukwe wa karibu, hakuna hela ya kwenda popote. Kilima ndicho walichokuwa nacho, bure, kwa miguu. Halafu unakuta geti.

Chama kidogo cha wasoshalisti wa mji, tawi la Social Democratic Federation, kikatangaza matembezi ya Jumapili. Walianza watu wachache Halliwell Road, hotuba fupi, wakaondoka. Mtaa baada ya mtaa watu wakatoka milangoni na kujiunga, mpaka msafara ulipofika getini ukawa wa watu kama 10,000. Bolton wakati ule ilikuwa mji wa watu laki moja na kitu, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Polisi walikuwepo, walinzi wa Kanali walikuwepo, kukawa na purukushani, geti likavunjwa, na umati ukapanda hadi juu na kuteremkia kijiji cha Belmont upande wa pili. Inasimuliwa kwamba baa za Belmont ziliishiwa vinywaji siku hiyo, na kwa watu elfu kumi wenye kiu sioni kwa nini nisiamini. Jumapili iliyofuata, tarehe 13, wakarudi wengi zaidi, wanakadiriwa 12,000.

Kanali hakujibu kwa bunduki. Alijibu kwa karatasi. Aliwashtaki viongozi, miongoni mwao Joseph Shufflebotham, msoshalisti, na Solomon Partington, mwandishi wa habari ambaye hakuwa msoshalisti hata kidogo lakini aliona dhuluma ni dhuluma. Kesi ikasikilizwa Machi 1897, na swali lake ni rahisi kulitamka na gumu kulijibu: njia inakuwa ya umma kwa kitu gani? Upande wa washtakiwa ulileta wazee, mmoja baada ya mwingine, waliosema tulipita hapa tukiwa watoto, na wazazi wetu walipita. Upande wa Kanali ulisema ni barabara ya shamba lake, na aliyepita alipita kwa hisani. Ushahidi wa miguu dhidi ya ushahidi wa hati.

Kanali akashinda. Washtakiwa wakakatazwa kupita na wakabebeshwa gharama za kesi, watu wa mshahara wa wiki. Geti likarudi. Na mji ukasahau.

Kusahau huku ndiko kunakonisumbua kuliko hukumu. Uliza Mwingereza yeyote anayependa kutembea vilimani, atakutajia Kinder Scout, Derbyshire: tarehe 24 Aprili 1932, vijana wa Manchester na Sheffield waliingia kwa makusudi kwenye nyika iliyofungwa. Walikuwa kama 400. Winter Hill walikuwa elfu kumi, miaka 36 kabla, na hawatajwi. Kwa nini? Maoni yangu: Kinder walifungwa jela. Vijana watano wakapewa vifungo vya miezi 2 hadi 6, nchi ikashtuka, magazeti yakawaka, na harakati ikapata mashujaa wake. Bolton hakuna aliyefungwa. Walipewa bili. Bili haiimbwi, haina picha, mtu anailipa polepole akiwa amenyamaza, na watoto wake hawaambiwi. Waliosuka upya habari hii kwa ajili yetu ni wachache. Wa kwanza kumshukuru ni mwanahistoria Paul Salveson, aliyeiandikia kijitabu mwaka 1982, na mwaka huohuo watu wakapanda tena njia ileile kwa kumbukumbu.

Jambo la kuuma zaidi ni kwamba mwaka 1932 huohuo wa Kinder, Bunge lilipitisha sheria ya njia za miguu iliyosema kwamba watu wakipita mahali kwa miaka 20 bila kuzuiwa, njia inahesabiwa kuwa ya umma. Wale wazee wa mahakamani wangekuwa na la kushika.

Sasa zunguka kilima, teremkia magharibi, upande wa Rivington. Hapo pana bustani za ngazi ngazi, madaraja ya mawe, maporomoko ya kutengenezwa. Kila wikendi utakuta familia na mabakuli ya biriani na pilau, na Kiswahili kinasikika, cha Kongo zaidi kuliko cha pwani, maana Bolton ina Wakongo wengi. Bustani hizi alizijenga William Lever, mtoto wa Bolton, tajiri wa sabuni, aliyenunua Rivington mwanzoni mwa karne ya 20 na kumpa mbunifu Thomas Mawson kazi ya kuipamba. Huyu hakufunga geti kwa watu. Alitenga eneo kubwa chini ya kilima likawa Lever Park, kwa ajili ya watu wa Bolton, na mji unamsifu mpaka leo. (Nyumba yake ya mbao pale juu ilichomwa moto Julai 1913 na Edith Rigby, mwanaharakati wa kura za wanawake kutoka Preston. Lever akajenga nyingine, ya mawe.)

Sabuni inahitaji mafuta. Mwaka 1911 Lever alitia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji: maduara matano kwenye ramani ya Kongo, kila moja lenye kilomita 60 kutoka katikati hadi ukingoni, na ndani yake kampuni yake ichague hadi hekta 750,000 za michikichi. Iliwezekanaje kugawa ardhi yenye vijiji? Kwa sababu tangu 1885 utawala ulikuwa umetamka kwamba ardhi "tupu" ni ya serikali. Msitu ambao watu waliutumia kuvuna chikichi, kuwinda na kupumzisha mashamba ulihesabiwa mtupu kwa kuwa hapakuwa na hati. Wavunaji wakalazimishwa, kwa kodi na kwa viboko, na mwaka 1931, Lever akiwa amefariki miaka 6 nyuma, Wapende wa Kwilu waliasi na mamia wakauawa.

Sisemi kwamba kufungiwa njia ya Jumapili ni sawa na hayo. Si sawa, wala hayakaribiani. Ila hoja iliyotumika ni ileile, na imesemwa pande mbili za maisha ya watu wa kilima kimoja: uliyoyafanya hapa vizazi na vizazi hayahesabiki, lete karatasi. Na yule aliyewafungulia bustani vibarua wa Bolton alikuwa anafunga misitu ya watu ambao wajukuu wao leo wanakula pilau kwenye ngazi zake. Kuna vibao vingi vya maelezo pale Rivington. Hili ningelitaka liandikwe kwa herufi kubwa kama za majina ya maua.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Mwaka 1938 halmashauri ya Bolton ilinunua Smithills. Tarehe 27 Februari 1958 ndege iliyotoka Isle of Man kwenda Manchester iligonga kilima katika theluji na ukungu. Watu 35 kati ya 42 walikufa, mita mia kadhaa tu kutoka kituo cha televisheni. Mwaka 1996, miaka 100 baada ya maandamano, njia ile ikaandikishwa rasmi kuwa ya umma, na jiwe la kumbukumbu likawekwa kando ya geti. Mwaka 2015 sehemu kubwa ya Smithills ilichukuliwa na Woodland Trust, shirika linalopanda miti, kwa hiyo huenda wajukuu zetu watakiona kilima chenye vivuli.

Na Juni 2018, katika ukame, kilima kikawaka. Mboji ikikauka huungua kwa ndani, chini ya ardhi, unazima hapa inatokea pale. Zimamoto walihangaika kwa zaidi ya mwezi. Sasa watu wa kujitolea wanaziba mifereji ili maji yabaki juu, na kupandikiza sfagnamu, mmea mdogo unaojenga mboji, ambao masizi ya viwanda vilevile vya pamba yaliuua zamani.

Ukitaka kwenda, pandia Smithills, fuata Coal Pit Road mpaka kwenye jiwe. Geti bado lipo, ila pembeni yake pana nafasi ya kupita mtu kwa miguu.