Lenzi ya zumu: f/2.8 si mambo ya jana

Wasee, kabla ulipe lenzi juu tu inavuta mbali, cheki historia. Mwaka wa 1959 Voigtländer walitoa Zoomar, 36–82mm, zumu ya kwanza ya kamera za picha za filamu ya 35mm. Nzito, lakini f/2.8 mwanzo hadi mwisho. 1963 Nikon wakaleta 43–86mm: ndogo, f/3.5, ikauzwa sana ingawa ilipinda mistari iliyonyooka. Ile 18–55mm inayokuja na kamera naiona ya ukoo huo. Ukiivuta hadi 55mm inabaki f/5.6, yaani robo ya mwanga wa f/2.8. Harusi ikifika usiku utajua. Kwa kamera ya APS-C, mimi ningetafuta 17–50mm f/2.8 iliyotumika. Imulike kwanza na tochi ya simu, uone kama kuna kuvu ndani.