Wamalwa Kijana, Mwanasheria wa Kitale

Msomaji, ukisimama mtaani Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale, siku isiyo na mawingu utauona Mlima Elgon upande wa magharibi, na katikati ni mashamba ya mahindi. Matisi imo katika jimbo la uchaguzi la Saboti, nalo ndilo lililompeleka Bungeni mtu tunayetaka kumsimulia. Lakini kwanza yafaa uijue nchi yenyewe, maana pasipo kuijua hutafahamu kwa nini wenyeji wake walimthamini sana mtu aliyesoma sheria.

Serikali ya kikoloni iliitenga Trans Nzoia kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, ikawachukulia mahindi yao. Mwafrika aliruhusiwa kuingia humo kama kibarua tu, wala sheria haikumpa ruhusa ya kumiliki shamba. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mambo yaligeuka. Watu wengi, hasa Wabukusu kutoka Bungoma, walihamia huko, wakachanga fedha katika vyama na makampuni ili wanunue mashamba yaliyoachwa na walowezi. Hapo yakazaliwa mashauri yasiyokwisha: nani alichanga, nani mwenye hati, mpaka upite wapi. Basi katika nchi ya namna hiyo, ajuaye sheria huheshimiwa hata kabla hajafungua kinywa.

Michael Kijana Wamalwa alizaliwa tarehe 25 Novemba 1944 katika kijiji cha Sosio, karibu na Kimilili, wilayani Bungoma. Baba yake, William Wamalwa, alikuwa mwanasiasa mwenye sauti, akawa Seneta baada ya Uhuru. Kwa hiyo kijana huyu hakuyaona mambo ya utawala kwa mbali. Alikwenda Uingereza akasoma sheria katika King's College ya Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akaendelea na masomo mjini London, na akakubaliwa kuwa wakili katika Lincoln's Inn. Huko kulikuwa na desturi moja ya kale ambayo huenda ikakuchekesha: aliyetaka uwakili hakuwa na budi, pamoja na kufaulu mitihani, kula chakula cha jioni ukumbini pamoja na wakubwa wa kazi hiyo mara kadhaa zilizowekwa. Wamalwa alirudi na Kiingereza chenye ufasaha uliowastaajabisha hata waliokuwa hawakubaliani naye, akafundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Mwaka 1979 alichaguliwa kuwa mbunge wa Kitale Magharibi, jimbo ambalo baadaye liliitwa Saboti. Na hapa ndipo tunapokutana na jambo gumu. Mwezi wa Juni 1982, Bunge lile lile alilokuwamo lilipitisha badiliko la Katiba, kifungu cha 2A, lililofanya KANU kuwa chama pekee kilichoruhusiwa na sheria. Mwanasheria hufundishwa kwamba sheria ni ngao ya mnyonge. Lakini sheria hiyo ilikuwa ngao ya wenye nguvu. Mwaka 1988 yakafuata mambo ya mlolongo: wapiga kura walijipanga mistari nyuma ya wawakilishi wa wagombea, na katika sehemu nyingi mwenye mstari mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi mchana kweupe.

Mwaka 1991 wazee na vijana waliungana wakaanzisha FORD. Miongoni mwa wazee walikuwamo Jaramogi Oginga Odinga na Masinde Muliro, na miongoni mwa waliowafuata walikuwa mawakili wengi, Wamalwa akiwa mmoja wao. Mwezi wa Desemba mwaka huo kifungu cha 2A kilifutwa. Lakini furaha haikukaa. Muliro, mzee aliyetegemewa na watu wa Kitale na Bungoma, alifariki Agosti 1992 alipokuwa akiteremka Nairobi kutoka London. FORD ikapasuka vipande viwili. Na katika Trans Nzoia yenyewe mapigano ya kikabila juu ya ardhi yaliwafukuza watu makwao, wengine wakalala katika viwanja vya makanisa. Wamalwa alichaguliwa tena na Saboti mwaka huo wa 1992, kwa tikiti ya FORD-Kenya, na wengi waliompigia kura hawakuwa na uhakika kama wangevuna mahindi yao.

Sasa tazama hesabu, msomaji, kwa maana hesabu ndiyo iliyomfundisha kuliko Cambridge. Mwaka 1992 Rais Moi alipata theluthi moja ya kura na ushei kidogo, akashinda, kwa kuwa wapinzani waligawana zilizobaki. Jaramogi alipofariki Januari 1994, Wamalwa akakirithi kiti cha uenyekiti wa FORD-Kenya, akaongoza pia kamati ya Bunge inayokagua hesabu za Serikali. Mara chama kikaingiwa na ugomvi baina yake na Raila Odinga. Mkutano wa uchaguzi wa chama mjini Thika mwaka 1995 ulivunjika kwa fujo, na mwisho wa mwaka 1996 Raila akatoka. Siwezi kumtoa Wamalwa katika lawama yote ya mfarakano ule. Mwenyekiti ndiye mwenye nyumba. Mwaka 1997 wote wawili waligombea urais. Moi alishinda tena, safari hii kwa asilimia 40 hivi, na Wamalwa akawa wa nne.

Watu walimlaumu kwamba alikuwa mpole mno, mtu wa kuchelewa na wa kupenda mazungumzo. Pengine ni kweli. Lakini mwaka 2002 upole huo ulifanya kazi ambayo ukali ulishindwa kuifanya mara mbili. Wamalwa, Mwai Kibaki na Charity Ngilu walikaa wakapatana kwamba mgombea atakuwa mmoja, naye ni Kibaki. Mwezi wa Oktoba waliungana na kundi lililotoka KANU, Raila akiwamo, ndipo ikazaliwa NARC. Tarehe 27 Desemba Kibaki alipata zaidi ya asilimia 60 ya kura. Fikiri jinsi ilivyo vigumu kwa mwenyekiti wa chama, aliyekwisha kugombea urais mwenyewe, kurudi kwa wafuasi wake na kuwaambia wampigie mwingine kura. Kwangu hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote katika maisha yake.

Januari 2003 akafanywa Makamu wa Rais. Alikuwa mgonjwa tayari. Wajumbe wakakutana Bomas kuandika Katiba mpya, na ndani ya NARC yakaanza manung'uniko juu ya mapatano ya kugawana madaraka. Serikali ilihitaji msuluhishi, naye alifariki katika hospitali ya Royal Free, London, tarehe 23 Agosti 2003, umri wake miaka 58, Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya kufa akiwa kazini. Akazikwa Kitale, katika shamba la jamaa yake. Mwaka 2005 wenzake walisimama pande mbili katika kura ya maoni juu ya Katiba, na rasimu ikakataliwa.

Mwaka 2007 Saboti ilimchagua ndugu yake mdogo, Eugene Wamalwa, naye pia wakili. Katiba mpya ilipitishwa mwaka 2010, na mwaka 2012 Eugene akapewa Wizara ya Sheria.