Unyuzi wa Pamba na Haki ya Mizani

Hapana mkulima wa pamba katika Musoma, Bunda au Butiama asiyeijua pamba kwa macho na kwa mikono. Lakini si wengi waliopata kuutazama unyuzi wake mmoja na kuuliza nguvu yake imetoka wapi. Yafaa tulitazame jambo hilo katika sherehe hii ya miaka 10 ya chama chetu, kwa maana historia ya ushirika wa pamba ni historia ya unyuzi huo na mizani iliyoupima.

Unyuzi wa pamba huota juu ya ganda la mbegu, nao ni mrija mwembamba wenye majimaji ndani. Kitumba kikipasuka na jua likaupiga, mrija hunywea ukawa kama utepe uliojisokota. Misokoto hiyo ndiyo izifanyayo nyuzi zishikane, hata uzi ukaweza kuvutwa usikatike. Tena pamba hunywa maji. Hata ile ionekanayo kavu huwa na unyevu wa kama asilimia 7 au 8. Na nguo ya pamba ikilowa, nyuzi zake huzidi nguvu, ndiyo maana hustahimili kufuliwa.

Tabia hiyo njema ndiyo iliyoleta ugomvi sokoni. Kitu kinywacho maji hubadilika uzito, na mshika mizani asiye mwaminifu hupata kisingizio. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa, ambamo wilaya ya Musoma ilikuwamo, walichoka kupunjwa, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na madai hayo vikakua vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lililojulikana kwa herufi VFCU, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu. Sheria ya mwaka 1982 ikavifungulia njia ya kurudi. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikiri mwenyewe kuwa kuvivunja kulikuwa kosa.

Lakini mizani ina pande mbili. Mkulima anyunyizaye maji au atiaye mchanga katika pamba yake hupata faida ya siku moja. Pamba yenye maji ikishindiliwa ghalani hupata joto na ukungu. Nyuzi hugeuka rangi na kukatika upesi. Mchanga hukwaruza rola za kinu cha kuchambulia. Na nyuzi za kiroba cha plastiki zikichanganyika na pamba, hazishiki rangi kiwandani, bali hutokea katika nguo kama doa. Robota moja la kilo 180 hivi hubeba pamba ya wakulima wengi, wa Mugango na wa Kibara pia. Kosa la mmoja hushusha bei ya wote.

Basi, Ndugu mwanachama, chuma umande ukiisha kukauka, anika mahali safi, tenga pamba safi na fifi, usitumie kiroba. Nanyi maofisa, mizani ikaguliwe mbele ya wakulima, na kila mtu apewe stakabadhi yake. Wazee wetu walidai kupimiwa kwa haki. Hatuwezi kuendelea kudai haki hiyo huku magunia yetu yenyewe yakisema uongo.